Ndoa na Ndoana: Kuchagua Kalibu ya Kusubu Jigi

Binamu yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na huko ndiko alikojifunza uvuvi ambao sisi wa Mombasa hatuujui: kuvua besi, samaki wa ziwani, kwa jigi, yaani chambo cha bandia cha risasi. Mwaka juzi akaniletea ujumbe wa sauti. "Kaka, jigi moja ikinasa kwenye mafunjo ndiyo imekwenda, na kununua kila wiki siwezi. Nyinyi wa pwani si mwasubu chubwi tangu enzi za mababu? Hebu nisubie na mimi."

Sikuona ugumu. Babu yangu alikuwa akitoboa kishimo kwenye udongo uliokaushwa juani, anachomeka msumari katikati upatikane upenyo wa mshipi, anamimina risasi, na chubwi, kizito cha kuzamishia mshipi, imepatikana. Haikupendeza kutazama lakini ilizama, na chubwi haina kazi nyingine. Nami nikadhani jigi ni chubwi yenye ndoana. Nikaingia duka moja la zana za uvuvi, nikaagiza "kalibu ya jigi", na baada ya wiki kadhaa nikapokea kitu kizuri sana cha alumini ambacho hakiwezi kutoa hata jigi moja ya besi.

Muuzaji hakunikosea. Jina moja, vitu viwili. Mvuvi wa michezo wa Mombasa akisema jigi, humaanisha kipande kirefu chembamba cha risasi chenye umbo la samaki, kinachoshushwa wima kwenye maji ya kina nje ya miamba na kutikiswa juu chini mpaka kolekole au tewa ahadaike. Ndoana yake hufungwa baadaye kwa kamba. Haimo ndani ya risasi. Jigi ya besi ni ndogo, na ndoana ndiyo uti wake wa mgongo. Kichwa cha risasi humiminwa juu ya mti wa ndoana na kushikamana nao moja kwa moja. Nyuma ya kichwa kuna shingo, na kwenye shingo huvalishwa marinda, yaani vishada vya nyuzi za mpira vinavyochezacheza majini. Nyingine zina brashi ngumu iliyochomekwa kichwani ikikinga ncha ya ndoana isishike majani. Ukiagiza kalibu bila kusema ni jigi ipi, utapata ile inayouzika zaidi hapo ulipo, na pwani inayouzika ni ya bahari kuu.

Naivasha si bahari. Besi wenyewe si wa kwetu. Waliletwa kutoka Marekani na kuachiwa ziwani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa michezo. Mwaka 1970 akaletwa mgeni mwingine wa Kimarekani, kamba mwekundu wa maji baridi, mwenye magando kama kaa mdogo. Yule wa kwanza akaanza kumla wa pili, kama walivyozoeana kwao. Jigi yenye marinda ya hudhurungi ikiburutwa polepole chini humfanana sana kamba huyo. Kwa hiyo kalibu unayoitafuta ni ya kutengeneza kamba wa bandia atakayepita katikati ya mashina ya mafunjo na magugu maji bila kunasa. Mtu akishaelewa hilo, nusu ya kalibu zilizoko sokoni zinajiondoa zenyewe.

Nusu inayobaki ndiyo inayotatiza watu. Wengi huanza kwa kutazama umbo la kichwa, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwenye picha. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Kalibu ya jigi huchongwa kwa ajili ya ndoana fulani: ndani yake mna mfereji mwembamba ambamo mti wa ndoana hulazwa kabla ya kufunga, na mfereji huo umepimwa kwa unene wa waya, urefu wa mti, pembe ya mkunjo karibu na tundu, na hata upande tundu lilikoelekea. Ndoana ikiwa nene kidogo kuliko mfereji, pande mbili za kalibu hazikutani. Ikiwa nyembamba, risasi hutoroka kandokando na kutoka na ulimi. Ikiwa mti ni mfupi, tundu humezwa na risasi na huna pa kufungia mshipi. Ukinunua kalibu umefunga ndoa na ndoana, na ndoa hii haina talaka ya bei nafuu.

Basi anza na ndoana. Nenda dukani kwanza, uliza ni ndoana zipi za jigi wanazoleta kila mara, si zile zilizobaki pakiti mbili tangu mwaka juzi. Ndoana ya jigi inajulikana kwa mkunjo wake: tundu halifuati mti kama ndoana ya kawaida, limepindwa. Iliyopindwa digrii 90 ndiyo ya vichwa vya duara. Tundu hukaa juu ya kichwa na jigi huning'inia mlalo, jambo zuri kwa kushusha na kupandisha. Iliyopindwa karibu digrii 60 huleta tundu mbele, puani mwa kichwa, ili unapovuta jigi ipenye majani kwa pua yake badala ya kuyasukuma kwa kipaji. Ile ya karibu digrii 30 ni ya jigi za kuogelea, zinazovutwa bila kugusa chini. Kisha namba: kwa jigi nzito za kupenya magugu watu hutumia 4/0 au 5/0 zenye waya mnene, kwa sababu besi akishika lazima umng'oe kwa nguvu kabla hajazungusha mshipi kwenye shina; kwa jigi ndogo za maji wazi, 2/0 au 3/0 zatosha. Kalibu nyingi za kiwandani huja na orodha ya ndoana zilizopimiwa. Ukikosa orodha hiyo, usinunue kwa kukisia, na ukiambiwa "ndoana yoyote yaingia," cheka kidogo ujiendee.

Mkaaji wa Mombasa ana swali la ziada. Ukitaka kichwa hichohicho ukitupie Jumamosi kwenye hori la Mtwapa au Tudor kwa changu, ndoana ya rangi ya shaba itakufia mikononi. Chumvi huila kwa siku chache. Tafuta iliyopakwa kwa ajili ya maji ya chumvi, halafu hakikisha inalala vizuri kwenye mfereji uleule, kwa maana ndoana ya bahari mara nyingi ni nene zaidi hata kama namba ni ileile. Mimi nilipima kwa macho. Kalibu ilibaki na uwazi wa unene wa karatasi, nikasema si kitu. Kila kichwa kilitoka na ukingo wa kukatwa na kupigwa tupa, na kwa nini hilo ni baya kuliko linavyoonekana nitarudi kulieleza.

Sasa umbo. Kichwa cha duara ni kitamu kwa anayeanza; husubika vyema, risasi hujaa bila kona za kukwama, na kinabeba chambo cha mpira cha aina yoyote. Lakini kwenye mafunjo hunasa. Kichwa chenye umbo la yai lililolazwa kukingama ni cha miambani: kikiburutwa juu ya mawe hujiviringisha na kuinua ndoana juu, na marinda hutanuka kama kamba anayenyoosha magando kujihami. Kwenye majani kichwa hicho ni balaa, kwani mabega yake mapana yanakumbatia kila unyasi. Kichwa bapa chenye pua nyembamba ndicho cha kupenya, na ndicho nilichomtumia binamu. Kile chenye mdomo uliochongoka kama dau ni cha kuogelea. Ukiwa na uwezo wa kalibu moja tu na maji yako ni ya Naivasha, chukua kichwa bapa. Wengine watakwambia uchukue kalibu ya mchanganyiko, yenye maumbo manne kwenye bamba moja. Mimi sizipendi, kila umbo lina ndoana yake, na utajikuta unatumia shimo moja huku matatu yakikutazama.

Kama unataka brashi ya kuzuia majani, angalia kama kalibu ina pini yake. Ni kijiti chembamba kinacholazwa kwenye mfereji wa pili kabla ya kumimina. Risasi ikishaganda unakichomoa na kuacha tundu la kugundishia brashi. Kalibu isiyo na nafasi ya pini itakulazimisha kutoboa kila kichwa kwa drili, na risasi laini hushika ncha ya drili kama ubani unavyoshika jino. Angalia pia shingo: iwe na mfereji mdogo au vijiti vya kushikilia marinda, la sivyo samaki wa pili atakuvulia marinda yote.

Uzito hauna mengi. Kalibu nyingi zimeandikwa kwa wakia: robo wakia ni gramu 7, wakia tatu kwa nane ni kama gramu 10.6, nusu wakia ni gramu 14.2. Mbili za mwisho zinatosha kwa mengi ya Naivasha. La kukumbuka ni kwamba namba iliyoandikwa ni ya risasi. Ukimimina bati safi, si mabati ya paani ambayo ni chuma kilichopakwa zinki, bali madini yenyewe ya bati, shimo la nusu wakia litakupa kama gramu 9, kwa sababu ujazo uleule wa bati una uzito wa kama theluthi mbili tu ya risasi. Mchanganyiko wa bismuthi na bati hukaribia gramu 11. Anayepanga kutumia madini hayo achague kalibu yenye shimo kubwa kuliko lile la uzito anaoutaka.

Na kuna sababu ya kupanga hivyo. Ziwa Naivasha ni ardhioevu iliyoorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar tangu 1995, na limejaa ndege. Ndege wa majini humeza changarawe za kusagia chakula tumboni, na kipande cha risasi kwake ni changarawe tu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vizito vidogo vya risasi vya kuvulia mwaka 1987 baada ya mabata maji kufa kwa sumu hiyo. Bati ni ghali, sikatai. Lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 badala ya 327 za risasi, na ule mchanganyiko wa bismuthi na bati, sehemu 58 kwa 42, huyeyuka kwenye 138 tu. Joto dogo hukufungulia milango mingine, kwani kalibu ambazo zingeungua kwa risasi zinaweza kuvumilia madini haya miaka mingi.

Hapo tunafika kwenye kalibu yenyewe imetengenezwa kwa nini. Alumini ndiyo ya kawaida: pande mbili zenye bawaba na mishikio ya mbao, kama zile za kampuni ya Do-it kutoka Marekani. Haina haja ya woga, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660. Sifa yake ni uhai mrefu. Ukiitunza watarithi wanao. Tabia yake mbaya ni kunyonya joto upesi. Kumimina kwa kwanza hadi kwa tano hutoka na vichwa vyenye mikunjo na nusu pua, mtu akadhani ameuziwa bovu. Bado haijapata moto tu. Vichwa hivyo hurudishwa kwenye sufuria. Wazee wa kazi huishika juu ya mshumaa mashimo yapate masizi. Utando ule mweusi humpa risasi nafasi ya kuteleza hadi kwenye kona kabla haijaganda.

Silikoni ni ya mtu anayetaka umbo lake mwenyewe. Unachonga kichwa kimoja cha mfano, unakimiminia silikoni maalumu ya joto kali, unapata kalibu. Si ile ya kuzibia madirisha. Haina haja ya masizi, hujaa hadi alama za macho na magamba, ila hupoa polepole na kwa risasi huchakaa mapema. Kwa bati na bismuthi inakaa sana. Kalibu za plastiki zilizochapwa kwa printa ya 3D usizimiminie risasi hata kwa majaribio. Zifae kutengenezea mfano basi. Mbao ngumu nayo hufanya kazi mara chache kisha huwa mkaa.

Jasi nitaikalia kidogo, maana ni rahisi kupatikana na ndiyo iliyokaribia kuniumiza. Unga wa jasi ukichanganywa na maji huganda, na sehemu ya maji hayo haikauki: yanafungwa ndani ya jasi yenyewe, kama sehemu moja katika tano ya uzito wake. Juu ya hayo kuna unyevu wa kawaida ambao Mombasa hauishi. Kipande changu kilikaa juani siku tatu, kikawa chepesi na cheupe, nikaridhika. Ilikuwa mwezi wa tano, mwezi wa mvua kuliko yote huku kwetu. Nilipomimina, risasi ilichemka ndani ya shimo na kurusha matone hadi kwenye ukuta. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na yakiwa chini ya risasi ya moto hayana pa kutokea isipokuwa usoni kwako. Anayetaka jasi aioke, asiianike. Masaa kadhaa kwenye joto la oveni linalozidi kiwango cha maji kuchemka, na oveni hiyo isiwe ya kuokea mkate tena ikishaguswa na risasi. Hata kalibu ya alumini iliyolala usiku kucha kwenye banda pwani hupata jasho. Ipashe moto kabla ya tone la kwanza.

Kisha kuna jiwe la sabuni. Lile lile la Tabaka, Kisii, ambalo Mombasa tunaliona likiuzwa kama viboko na vibakuli kwa watalii. Kalibu za jiwe hilo zimetumika kusubia shaba tangu enzi za kale sana katika nchi nyingi, kwa sababu hulegea chini ya kisu lakini haliogopi moto. Unahitaji vipande viwili vilivyosuguliwa kwa msasa juu ya kioo hadi vinakutana bila mwanga kupita, pini mbili za kuvishikilia visihame, na subira. Linapata joto polepole na kulitunza, kwa hiyo risasi hujaa vizuri kuliko kwenye alumini baridi. Likidondoka sakafuni limepasuka, hilo ndilo deni lake. Sijui kwa nini haliuziwi wavuvi.

Nilisema nitarudi kwenye tupa. Mombasa haihitaji kufundishwa risasi ni nini. Kwenye mtaa wetu wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 kando ya nyumba za watu, na hadi kinafungwa 2014 watoto walikuwa na risasi damuni. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza wenzake kupinga na akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Sufuria yangu si kiwanda, lakini sumu ni ileile na mlango wake mkubwa ni vumbi. Kalibu isiyofunga vizuri huzaa ulimi wa risasi. Ulimi huzaa tupa. Tupa huzaa vumbi kwenye nguo, mkekani, mikononi mwa mtoto anayekuja kukuamkia. Ndiyo maana ukiishika kalibu dukani uifunge na kuinyanyua kuelekea mwangani. Ukiona mwanga kati ya pande mbili ndoana ikiwa ndani, irudishe hata kama bei ni ya bure. Na usiyeyushe betri nyumbani kwa hali yoyote.

Mimi hutumia virisasi vya kubalansi magurudumu kutoka kwa mafundi wa matairi Makupa, lakini huvipanga kwanza. Vingine siku hizi ni zinki au chuma. Ukikikwaruza kwa ukucha na kikabaki na alama, ni risasi laini. Vigumu kidogo vina antimoni, hujaa vibaya kwenye shingo nyembamba, hivyo navitengea chubwi. Zinki huyeyuka kwenye 419. Moto ukiwa wa kiasi itaelea juu nzima nzima uiopoe, moto ukizidi itaingia na kuifanya risasi kuwa uji. Nafanya kazi nje, upepo mgongoni, sufuria ya kazi hiyo tu, na nguo zangu hazifuliwi na za watoto.

Binamu alipata vichwa bapa 40 vya tatu kwa nane, kutoka kalibu ya pili ya alumini niliyonunua baada ya ile ya kwanza kuuzwa kwa mvuvi wa Mtongwe anayezitaka zile ndefu. Mwezi jana alinitumia picha ya besi amembeba kwa taya la chini, na maombi ya nusu wakia, safari hii kwa bati. Jiwe la Kisii nimeshalikata. Upande mmoja umesuguliwa, wa pili bado mzima, uko chini ya meza umefunikwa gazeti, kwa sababu ndoana za 4/0 zimeisha dukani na mfereji siuchongi mpaka nizishike mkononi.